Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: paswedi, namba ya simu, apu za kwenye brauza na huko tunakoelekea

Nina kibanda cha simu na kompyuta hapa Mbagala, Dar es Salaam, mchana natengeneza simu, usiku natengenezea watu tovuti, na siku hizi maswali ya kulogini yananimalizia muda kuliko vioo vilivyopasuka. Mengi yanajirudia, kwa hiyo nimeyaandika sehemu moja, mtu akiniuliza namtumia linki tu basi. Sijayapanga kwa utaratibu wowote, nimeyaandika yalivyonijia.

Hivi paswedi zinakufa kweli au ni maneno tu?

Kufa zinakufa, ila kwa mwendo wa kobe. Zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 pale chuo cha MIT, Marekani, kompyuta moja kubwa inatumiwa na watu wengi, Fernando Corbató na wenzake wakaona bora kila mtu awe na neno lake la kufungulia mafaili yake. Ilikuwa dawa ya kompyuta moja na watu wanaofahamiana, sasa sisi tumeichukua tukaipeleka dunia nzima. Mwaka 2004 Bill Gates akasema paswedi zinaelekea mwisho, na leo wewe unayo moja tu unayoitumia kote, jina la mtoto na mwaka aliozaliwa, usikatae.

Kilichobadilika safari hii ni kwamba tarehe 5 Mei 2022 Apple, Google na Microsoft, watu ambao kwa miaka hawakukubaliana hata tundu la chaja, walitangaza kwa pamoja kwamba wote wataingiza kitu kimoja cha kuchukua nafasi ya paswedi. Kitu chenyewe ndo hiki wanakiita paskii, kwenye simu ukiweka Kiswahili unaweza kukiona kama "ufunguo wa siri". Msingi wake, ule mpango unaoruhusu brauza kufanya hiyo kazi, ulishapitishwa rasmi Machi 2019 unaitwa WebAuthn. Oktoba 2023 Google wakaanza kuiweka paskii mbele kama njia ya kwanza ya kuingia, na mwezi huo huo WhatsApp wakaileta kwenye Android. Kwa hiyo siyo ndoto, ipo kwenye simu uliyoshika hapo kama ni Android 9 kupanda juu au iPhone yenye iOS 16.

Paskii inafanyaje kazi, nieleze kama unamweleza bibi

Chukulia muhuri. Simu yako inachonga muhuri kwa ajili ya tovuti moja tu, muhuri unabaki kwako umefungiwa, tovuti inapewa sampuli ya alama yake ya kulinganishia. Ukitaka kuingia, tovuti inakutumia karatasi mpya yenye maneno ambayo hayajawahi kutumika, simu inakuomba kidole au pini ya skrini kuhakikisha ni wewe, inagonga muhuri, inarudisha karatasi. Tovuti inalinganisha na sampuli, imefanana, karibu ndani. Na huu muhuri siyo ile ya kuchongesha mtaani ndani ya dakika kumi, ni hesabu, ukiwa na sampuli peke yake huwezi kuuchonga hata ukae na kompyuta miaka.

Faida yake unaiona seva, yaani kompyuta inayotunza taarifa za tovuti, ikiibiwa. Yahoo waliibiwa taarifa za akaunti bilioni 3 mwaka 2013, yaani akaunti zao zote, na ukubwa wenyewe ulijulikana 2017. Mwizi akikuta paswedi hata kama zimefichwa anakaa anazikokotoa moja moja, na kwa kuwa umeitumia hiyo hiyo kwenye imeili na kwenye duka la mtandaoni, anakuingilia kote. Akikuta sampuli za mihuri hana cha kufanya nazo.

Kwa hiyo kidole changu kinapelekwa Google?

Hapana. Kidole kinaishia ndani ya simu, kazi yake ni kufungua kabati lenye muhuri, tovuti haikioni. Hili swali naulizwa na kila mtu aliyewahi kupanga foleni ya kusajili laini, na siwalaumu.

Itazuia matapeli?

Wa aina moja itawakomesha. Wale wanaotengeneza tovuti feki inayofanana na ya benki, herufi moja tu imebadilishwa kwenye anwani, wewe unaandika paswedi yako kwa imani. Paskii imefungwa kwenye anwani halisi, ukifika kwenye feki simu inaangalia, haioni muhuri wa anwani hiyo, inanyamaza, na hata ukitaka kujichoma mwenyewe huna cha kuandika.

Ila yule wa "ile hela itume kwenye namba hii" hataki kulogini popote, anataka wewe mwenyewe utume. Hapo hakuna teknolojia, hapo ni wewe na akili yako saa hiyo.

Mbona unasema namba ya simu siyo yangu? Nimeisajili kwa kitambulisho cha taifa, cha NIDA

Hili ndo swali ninalolipenda, na ndo ninapogombana na watu.

Kwetu huku utambulisho wa mtandaoni siyo imeili, ni namba. Tangu M-Pesa ianze Kenya 2007, mwaka uliofuata ikaingia kwetu, tumezoea kwamba namba yangu ndo mimi. Namba ni benki, namba ni WhatsApp, namba ni mkopo, mteja akinipigia mara ya kwanza namtafuta jina lake kwa kujifanya namtumia hela. Serikali nayo ikakaza, 2019 tukaanza kusajili laini kwa alama za vidole, mwisho ulikuwa Desemba 31, ikaongezwa mpaka Januari 20, 2020, mnakumbuka zile foleni.

Sasa pamoja na hayo yote, namba umeazimwa. Kampuni ya simu ndo yenye namba, wewe una ruhusa ya kuitumia maadamu unaitumia. Iache ikae muda mrefu bila vocha inafungwa, halafu inauzwa kwa mtu mwingine kabisa, na huyo mtu akiiweka kwenye simu anaanza kupokea meseji za mkopo wako na namba za kuthibitisha akaunti zako. Nimeshamwona kwa macho dada mmoja kanunua laini mpya hapa nje kwenye mwavuli, anaweka WhatsApp, inamuuliza pini ya mtu mwingine. Mwenye namba wa zamani aliweka uthibitisho wa hatua mbili, Mungu alimsaidia. Asingeweka je?

Halafu kuna kurinyu laini, yaani kutolewa laini mpya yenye namba ile ile. Mtu anaenda na maelezo yako, au ana mwenzake ndani, laini yako inazima ghafla, hewani yuko yeye. Na usidhani ni ushamba wa huku kwetu, Agosti 2019 bosi wa Twitter mwenyewe, Jack Dorsey, namba yake iliibiwa hivyo hivyo na watu wakaandika matusi kwenye akaunti yake, kwenye mtandao wake mwenyewe.

Na kuna lile la "kidole hakijasoma". Mimi mwenyewe yamenikuta. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, yule frilansa, wakala wa mtaani, ananisajilia laini, kidole mara ya kwanza, "hakijasoma bro, futa jasho", mara ya pili, "mtandao unasumbua", mara ya tatu ndo akasema tayari. Baada ya kama miezi miwili napiga *106# kuangalia nakuta kuna namba sijawahi kuiona imekaa kwa jina langu kamili. Nilienda kuifunga, ikachukua nusu siku. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, piga *106# leo, kwa Kenya nako ni hiyo hiyo, uone una watoto wangapi usiowajua.

Zile namba sita za SMS ni salama au siyo salama?

Ni bora kuliko paswedi peke yake, lakini zinategemea laini, na laini nimeshasema. Kuna njia nyingine, apu ya kutengeneza namba, kama Google Authenticator. Ile haipokei meseji popote. Siku ya kwanza wewe na tovuti mnapeana siri moja kwa kuskani picha ya QR, baada ya hapo kila upande unachukua siri na saa ya sasa hivi unapiga hesabu, jibu linabadilika kila sekunde 30, na kwa kuwa saa ni moja jibu ni moja. Hata ukiwa huna bando wala mtandao inafanya kazi. Ikikataa, tisini kwa mia ni saa ya simu yako imekosewa, weka saa iwe otomatiki.

Na mtu akikutumia meseji "samahani nimekosea nimetuma namba zangu kwako naomba nirudishie", hata kama imetoka kwa shangazi, usirudishe. Shangazi keshaibiwa tayari, sasa ni zamu yako.

Imeili yangu nilifunguliwa stesheneri, kuna tatizo?

Kubwa sana. Juzi kaja kijana, kamaliza chuo, kaitwa usaili, anatakiwa aingie kwenye imeili aprinti barua. Paswedi kasahau. Tukabonyeza umesahau, Google wakasema tunatuma namba kwenye simu inayoishia na 47. Yake inaishia na 12. Nikamuuliza, hii 47 ya nani? Akanyamaza kidogo. "Kaka, hii nilifunguliwa stesheneri, nikiwa kidato cha nne." Stesheneri yenyewe siku hizi ni duka la nafaka.

Msimcheke, nusu ya vijana wanaokuja hapa wako hivyo. Kipindi cha maombi ya vyuo na mikopo stesheneri inajaa, jamaa ana haraka, anafungua imeili tano tano, anaweka namba yake yeye kwenye sehemu ya kurejeshea akaunti ili meseji zisimcheleweshe kazi, na paswedi anaziandika kwenye kaunta buku pale mezani, jina, imeili, paswedi, mstari kwa mstari, mtu yeyote akisubiri kutoa kopi anasoma. Unaweza kuweka paskii, unaweza kuweka kidole, jicho, meno, lakini mlango wa nyuma anao mwenye 47.

Huyu kijana alibahatika. Nikamuuliza simu aliyokuwa nayo chuo iko wapi, akasema kamwachia mdogo wake Kibiti, kioo kimepasuka haioneshi kitu. Ikaja na basi kesho yake, nikaipachika kioo cha kuazima, imeili ipo wazi, haijawahi kutolewa. Google wakauliza kwenye simu ile ile "ni wewe?", akabonyeza ndiyo, tukatoa 47 tukaweka 12, na barua tukaprinti. Kwa hiyo kabla hujamgawia mtu simu ya zamani angalia kwanza imebeba nini.

Kama na wewe ni wa stesheneri, ingia kwenye akaunti yako, sehemu ya usalama, angalia namba na imeili za kurejeshea. Fanya hivyo kwanza ndo uje uniulize habari za paskii.

Kubonyeza "endelea kwa Google" ni sawa au najiuza?

Vyote viwili. Ni salama kuliko kutunga paswedi ya ishirini na moja, kwa sababu tovuti ndogo haishiki paswedi yako kabisa, inapewa tu kibali na Google kwamba huyu ni fulani. Lakini umeweka mayai yote kwenye tenga moja. Septemba 2018 Facebook walikiri kwamba wadukuzi wamechukua vibali vya kuingilia kwenye akaunti, mwanzo walisema milioni 50, baadaye wakashusha mpaka milioni 30. Na siku Google wakikufungia akaunti, kwa kosa lako au kwa kosa la kompyuta yao, umefungiwa na kwingine kote.

Kulikuwa na watu waliotaka tusifike hapa. Mwaka 2005 Brad Fitzpatrick, yule wa mtandao wa blogu wa LiveJournal, alitoa OpenID, wazo lake ni kwamba utambulisho wako uwe anwani yako mwenyewe ya tovuti, popote unapoingia unaandika anwani yako, hakuna bosi mmoja. Wazo zuri sana, mimi nililipenda, ila mwambie mtu wa kawaida aandike anwani ya tovuti mahali alipozoea kuandika jina uone. Mozilla, wale wenye brauza ya Firefox, nao walikuja na Persona 2011, ya kutumia imeili, wakaizima Novemba 2016 kwa sababu watumiaji hawakutosha. Teknolojia iliyobaki kwenye vitufe vya Google na Facebook ni ndugu wa hizo hizo, tofauti ni kwamba mwenye nyumba ni mmoja na kodi unailipa kwa taarifa zako. Ndo maana nasema paskii angalau inarudisha kidogo, kwa sababu mkataba ni kati ya simu yako na tovuti, hakuna wa katikati anayeandika umeingia wapi saa ngapi.

Nikipoteza simu nimepoteza na paskii zangu?

Inategemea. Kwa kawaida zinahifadhiwa kwenye akaunti yako ya Google au iCloud zikiwa zimefungwa, ukinunua simu nyingine ukaingia, unaulizwa pini ya skrini ya simu ile ya zamani, zinarudi. Umeona lakini hesabu inavyorudi pale pale? Paskii zote ziko salama kadiri akaunti moja ilivyo salama, na akaunti hiyo moja unairudisha kwa nini? Kwa namba ya simu.

Mama mdogo wangu alichomolewa simu kwenye daladala Rangi Tatu, simu na laini vyote vimeenda. Kurinyu laini kunataka aende dukani na namba ya NIDA, namba ya NIDA ni tarakimu 20, nani anazikumbuka, picha ya kitambulisho ilikuwa kwenye simu iliyoibiwa, kadi yenyewe ipo Lindi kwenye sanduku. Siku tatu hana hela, hana WhatsApp, hana imeili, ni mtu mzima mwenye miaka 58 ambaye mtandaoni hayupo. Tulimaliza kwa kumpigia mjomba afungue sanduku atusomee namba, anasoma tarakimu mojamoja huku miwani kaiacha shambani.

Kwa hiyo, namba ya NIDA iandike kwenye karatasi nyumbani, na ukiweka uthibitisho wa hatua mbili Google wanakupa namba 10 za akiba, kila moja inatumika mara moja, ziprinti uziweke kwenye bahasha ya hati za kiwanja. Zisikae kwenye simu, utakuwa umefungia ufunguo ndani ya gari.

Ukiwa kwenye kompyuta isiyo yako kuna utaratibu mwingine, inakuonesha QR, unaiskani kwa simu, bluetooth iwe imewashwa pande zote, kwa sababu inataka kuhakikisha simu na kompyuta viko karibu. Tapeli wa mbali hata akikutumia hiyo picha haimsaidii.

Kuhamisha paskii kutoka iPhone kwenda Android nayo ilikuwa shida, kila kampuni imejenga ukuta wake. Oktoba 2024 muungano wa FIDO, ambao ndo wanasimamia hii kitu, walitoa rasimu ya namna ya kuhamishiana. Mimi naingoja ifike kila mahali kwa hamu kuliko kamera mpya ya simu yoyote.

Na sisi wa kitochi?

Kwenu paskii haipo na sioni ikija. Mna *150*00# ya M-Pesa na pini ya namba nne, na kusema kweli kwa kazi yake inatosha, haina tovuti feki, haina linki. Shida yenu inabaki ile ile ya laini. Ninachokiogopa ni huduma za serikali na benki kuhamia zote kwenye simu janja halafu mama wa kijijini aambiwe "pakua apu".

Apu za kwenye brauza ni zipi, na kwa nini unanishawishi nisijenge apu ya Play Store?

Kwa sababu una duka la vitenge na bajeti ya laki tatu, mwanangu.

Steve Jobs mwenyewe alipoleta iPhone 2007 aliwaambia watengenezaji watengeneze apu za kwenye brauza, duka la apu lilikuja Julai 2008 baada ya watu kulalamika. Baadaye 2015 Alex Russell na Frances Berriman wakazipa jina jipya tovuti zinazofanya kama apu, ndo hizi za PWA. Unaingia kwenye tovuti, unabonyeza ongeza kwenye skrini ya mwanzo, inakaa pale kama apu, ina ikoni yake, inafunguka bila ile baa ya juu. Ndani kuna kipande kidogo cha programu kinabaki kwenye simu, kinahifadhi kurasa, mtandao ukikatika katikati ya Kongowe mteja bado anaona vitenge vyake, ukirudi oda inaenda. Twitter walitoa ya kwao 2017, ilikuwa chini ya MB 1, wakati apu yao ya kawaida ilikuwa inakula nafasi mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa simu ya GB 16 iliyojaa video za grupu la ukoo hiyo tofauti ndo kila kitu, mteja hafuti picha za harusi ili apate nafasi ya apu yako.

Lingine, kuirekebisha hakusubiri mtu akubali. Nabadilisha bei usiku, asubuhi wote wanaona.

Kasoro zipo na Apple ndo mkaidi mkubwa. Notifikesheni, zile taarifa zinazojitokeza zenyewe kwenye skrini, kwenye iPhone kwa apu za brauza wameruhusu Machi 2023 tu, kwenye iOS 16.4. Februari 2024 wakatangaza Ulaya wanaziondoa kabisa kwenye skrini ya mwanzo, wakisingizia sheria mpya ya huko, watu wakapiga kelele, Machi wakarudisha nyuma. Hiyo ikupe picha, kitu chako kinaishi kwa hisani ya mwenye simu.

Kwa hiyo apu za kawaida zitakufa?

Hazifi. Michezo mikubwa, benki, vitu vinavyotaka kuingia ndani kabisa ya simu vitabaki. Ila kazi za ofisi zimeshahamia kwenye brauza, siku hizi hata Photoshop inafunguka kwenye brauza, jambo ambalo mwaka 2010 ungeniambia ningekucheka.

Nasikia mtu anaweza kuingia kwenye akaunti yako bila paswedi wala namba, inawezekanaje?

Kwa kuki. Ukishaingia mahali, brauza inapewa kikaratasi cha kuonesha kwamba huyu keshakaguliwa, mtindo huo ulianza kwenye brauza ya zamani ya Netscape 1994, Lou Montulli ndo aliubuni. Ni kama muhuri wa mkononi pale mlangoni kwenye muziki. Mwizi hahangaiki na mlinzi, anakunakili muhuri wa mkononi.

Machi 2023 chaneli kubwa ya YouTube ya Linus Tech Tips ilitekwa hivyo, mfanyakazi alifungua faili lililokuja kwenye imeili kama ofa ya udhamini, faili likabeba kuki zote, paswedi hazikuguswa. Na huku kwetu mlango wake ni programu za kukraki, mtu anakuja na flashi, "niwekee Office ya bure na hii ya kuedit video", naangalia naona imekuja na mzigo. Paskii zikienea huku ndo wizi utakakohamia, nina uhakika. Google walitangaza Aprili 2024 wanajaribu kuifunga kuki kwenye kifaa kimoja, ikinakiliwa kwenda kompyuta nyingine isifanye kazi. Mpaka hapo itakapoenea, toka kwenye akaunti ukimaliza kutumia kompyuta ya watu, kufunga dirisha siyo kutoka.

Vitambulisho vya taifa vikiwa vya kidijitali itakuwaje?

Ulaya wameshaweka sheria, ilianza kufanya kazi Mei 2024, kila nchi mwanachama iwe na pochi ya kidijitali kwa wananchi wake kufikia mwisho wa 2026. Kinachonivutia ni kitu kimoja. Ukiulizwa umri, pochi inaweza kujibu "ndiyo, kazidi miaka 18" bila kutoa tarehe ya kuzaliwa, jina wala anakoishi. Sasa linganisha na hapa, unaingia jengo la ofisi mjini, mlinzi anataka kitambulisho, anaandika jina lako, namba ya simu na sahihi kwenye daftari lililo wazi getini, na anayekuja nyuma yako anasoma yote.

Kenya walijaribu Huduma Namba, namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, usajili 2019, Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema kutoa zile kadi kulikuwa kinyume cha sheria kwa sababu tathmini ya athari kwa taarifa binafsi haikufanyika, baadaye wakaja na Maisha Namba. Kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 ikaanza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Sheria ipo, daftari la getini nalo lipo.

Vipi wale waliokuwa wanapiga picha jicho Nairobi?

Worldcoin. 2023 watu walijipanga foleni kwenye ukumbi wa KICC kuangalia ndani ya kile kifaa cha mviringo kama mpira, cha rangi ya fedha, kinachopiga picha jicho, wapewe sarafu za kidijitali, kwa hesabu ya siku zile kama shilingi elfu saba za Kenya. Wazo lao ni kwamba kompyuta zikianza kuongea kama watu itabidi kuwe na njia ya kujua nani ni mtu kweli. Swali lenyewe ni la maana na litakuja kwetu sote. Lakini Agosti 2023 serikali ilisimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data za macho zilizokusanywa zifutwe. Mimi ningekataa, kwa sababu moja tu: paswedi ikivuja nabadilisha, jicho nitabadilishaje? Lakini pia sikuwa na njaa siku hiyo, kwa hiyo waliopanga foleni siwasemi.

Nibadilishe paswedi kila mwezi?

Hapana. Hata NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu 2017 inasema usimlazimishe mtu bila sababu, kwa sababu ataongeza 1, mwezi ujao 2. Weka ndefu, tofauti kila sehemu, iandike kwenye programu ya kutunzia. Kama imevuja utajua, ingia tovuti ya Have I Been Pwned ya Troy Hunt, andika imeili yako.

Na nikifa, hizi akaunti zinaenda wapi?

Google wana sehemu ya kuchagua mtu, usipoonekana kwa miezi uliyoweka anapata ulichomruhusu. Apple nao wana mrithi tangu Desemba 2021. Na ujue Google wanaweza kufuta akaunti binafsi isiyoguswa miaka miwili, na picha zake zote.

Kwenye familia zetu nani kajaza hiyo fomu. Kuna mama anakuja hapa kila mwanzo wa mwezi na simu ya marehemu mumewe, Samsung ndogo, kioo kina ufa kona ya chini. Naichaji, naiwekea vocha ya mia tano, ananiambia nimpigie yeye kwa simu hiyo ili laini ihesabike imetumika. Simu yake inaita mkononi, jina la mumewe linatokea. Haipokei. Anaiacha iite mpaka ikate, halafu ananilipa.